Swali la Nyongeza

Kikao cha asubuhi cha Bunge, Dodoma, huanza saa tatu kwa dua. Hati zikishawasilishwa mezani, Spika humwita Katibu, Katibu hutamka kwamba sasa ni maswali, na mbunge wa kwanza husimama kuomba swali lake lipatiwe majibu. Naibu Waziri anakwenda mbele na karatasi mkononi. Kwa niaba ya Waziri, anapenda kujibu swali la Mheshimiwa fulani, Mbunge wa jimbo fulani, kama ifuatavyo. Anasoma, anamaliza, anarudi kukaa. Mpaka hapo Serikali haijasema neno ambalo haikupanga kulisema. Swali lilipelekwa mapema kwa maandishi, wizara ikalipokea, wataalamu wakaandika rasimu ya jibu, wakubwa wakaipunguza hapa na kuiongeza pale, na kilichosomwa mbele ya Bunge ni maandishi yaliyopita mikono mingi.

Kisha Spika anamtaja tena yule muulizaji, safari hii kwa swali la nyongeza. Sasa karatasi haisaidii. Mbunge ana muda mfupi mno, na Naibu Waziri ana kile tu anachokijua. Katika shughuli zote za Bunge, hotuba ndefu za bajeti zikiwemo, sijaona kazi inayodai ufundi mwingi kwa maneno machache kama hii. Nimeifuatilia kwa miaka, redioni, kwenye televisheni na katika kurasa za Hansard, na bado mbunge anayeijua akisimama huacha ninachokifanya nikasikiliza.

Haki yenyewe imeandikwa. Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na katika njia za kutekeleza madaraka hayo, ya kwanza kutajwa ni kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Kuidhinisha mipango ya maendeleo na kutunga sheria kunakuja chini yake. Desturi tuliirithi Uingereza. Huko, swali la kwanza kuingia katika kumbukumbu liliulizwa mwaka 1721 na Lord Cowper katika Baraza la Malodi: alitaka kujua kama ni kweli kwamba mtunza fedha wa Kampuni ya South Sea, aliyetoroka baada ya kampuni hiyo kuanguka, amekamatwa Brussels. Miaka mia tatu na zaidi imepita, na maswali mazito bado ni ya namna hiyo: fedha zilikuwa wapi, nani alikuwa nazo, na sasa yuko wapi.

Kila msikilizaji wa Bunge anaijua sentensi inayofungua swali la nyongeza. "Mheshimiwa Spika, ahsante. Pamoja na majibu mazuri ya Mheshimiwa Naibu Waziri, nina maswali mawili ya nyongeza." Wapo wanaoichukia. Wanauliza, majibu yangekuwa mazuri ungeongeza swali la nini? Mimi naipenda. Ni adabu yetu ya kawaida, ile ya kumpa mtu heshima yake kabla ya kumwambia jambo zito, na mbunge hodari huitumia kujipanga. Wakati anaitamka, anaamua alitumie swali aliloandaa nyumbani au aliache kwa sababu jibu lililosomwa limefungua mlango mwingine. Maana mtihani wa kwanza wa ufundi huu ni kusikiliza. Wengi huja na nyongeza iliyoandikwa tangu jana, na wanaisoma hata kama Naibu Waziri amekwisha kuijibu dakika moja iliyopita.

Yapo maswali ambayo wizara yoyote huyapokea kwa furaha. "Je, Serikali haioni umuhimu wa kuharakisha ujenzi huu?" Serikali inaona umuhimu. "Nini kauli ya Serikali kuhusu kero hii?" Kauli ni kwamba Serikali inaifahamu kero hiyo na itaendelea kutenga fedha kadri zitakavyopatikana. "Je, Mheshimiwa Waziri yuko tayari kuongozana nami baada ya Bunge akajionee mwenyewe?" Yuko tayari. Hili la mwisho silidharau. Mbunge wa jimbo la pembezoni, ambako waziri hafiki ila kwa msukumo, akipata ahadi ya safari mbele ya nchi nzima amepata kitu, na kuna barabara na madaraja yaliyoanza na safari kama hizo. Lakini hayo mengine mawili ni hotuba zilizovaa alama ya kuuliza. Yanampa waziri nafasi ya kukubaliana na muulizaji, na waziri akikubaliana nawe, umekaa bila kitu.

Tazama sasa linavyoulizwa na anayejua. Nitatunga mfano, ingawa wasomaji wengi watauona kijijini kwao. Wananchi wa kata fulani wamechangishana, wamebeba mawe na maji, wamefyatua matofali, wamesimamisha boma la kituo cha afya mpaka usawa wa lenta. Boma limesimama miaka mitatu bila paa, mvua zinalila. Mbunge anauliza katika swali la msingi, ni lini Serikali itakamilisha kituo hicho? Naibu Waziri anasoma: Serikali inatambua na kuthamini nguvu za wananchi, na katika mwaka huu wa fedha imetenga shilingi milioni 250 kwa ajili ya ukamilishaji. Makofi yanapigwa. Mbunge wa kawaida angeshukuru, akaomba ziongezwe.

Huyu wetu anasema hivi: "Mheshimiwa Spika, pamoja na majibu mazuri ya Naibu Waziri, mwaka jana boma hilohilo lilitengewa shilingi milioni 200, na ipo kwenye randama ya wizara yake. Swali langu la kwanza: katika hizo za mwaka jana, ni shilingi ngapi zilifika kwenye akaunti ya kituo, na lini? Swali la pili: hizi za mwaka huu zitafika kabla ya tarehe ngapi?" Anakaa.

Hakuna tusi ndani yake wala lawama, na wala hakuna sauti iliyopandishwa. Lakini Naibu Waziri hana kauli ya jumla itakayomtoa. Muulizaji ameijua njia ya fedha za umma, na ameuliza pale njia inapokatika. Fedha kutengwa kwenye bajeti ni hatua moja. Bunge kuidhinisha ni nyingine. Hazina kuzitoa ni ya tatu, halmashauri kuzitumia ni ya nne, na katika kila hatua fedha zinaweza kupungua au kukwama kabisa. Taarifa za wizara hupenda kukaa kwenye hatua ya kwanza, kwa sababu hapo tarakimu huwa kubwa na nzuri. Mbunge fundi huwa hazungumzii zilizotengwa ila kwa lengo la kuvukia kwenye zilizotolewa. Ukitaka kumpima mbunge wako haraka, msikilize anasimama kwenye hatua ipi.

Tazama pia mpangilio wa maswali yale mawili. La kwanza linadai kiasi na tarehe vilivyokwisha kupita, ambavyo haviwezi kubadilishwa. La pili linadai tarehe ijayo. Naibu Waziri akijibu la kwanza kwa ukweli, kwamba haikufika hata shilingi moja, basi ahadi atakayoitoa kwenye la pili itapimwa kwa jibu la swali la kwanza. Akilikwepa la kwanza, nchi nzima imesikia amekwepa nini. Swali zuri limesukwa kama dema la mvuvi: kuingia ni rahisi, mlango uko wazi na hauna makali, na samaki hugundua umbo lake anapotaka kutoka.

Ufundi huu una upande wa pili, nao unastahili sifa zake. Kujibu vizuri ni kazi ngumu. Naibu Waziri anasimama mbele ya mamia ya wabunge, kila mmoja na jimbo lake, na hajui kijito gani kitatajwa. Hayati John Magufuli, alipokuwa Waziri wa Ujenzi, alijulikana kwa kuzitaja barabara za nchi hii kwa kilomita zake, mkandarasi na kiasi kilicholipwa, bila kuangalia karatasi. Lolote mtu atakalosema kuhusu mengine, mbunge aliyemuuliza kuhusu barabara ilibidi naye ajiandae kisawasawa. Muulizaji mzuri humnoa mjibuji, na mjibuji mzuri humlazimisha muulizaji asome. Na wapo mawaziri, si wengi, wanaoweza kusimama na kusema: ni kweli, fedha hazikutoka, sababu ni hii, na nitaleta majibu kwa maandishi tarehe fulani. Jibu la namna hiyo hulikuti mara nyingi katika Hansard. Ukilikuta, jua limetolewa na mtu anayeliheshimu Bunge.

Siku ya Alhamisi kuna kitu kingine, maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Hapa hakuna swali la msingi lililotangulia wizarani. Mbunge anauliza jambo la sera, Waziri Mkuu anajibu palepale. Nusu saa hiyo imewahi kutuonyesha yale ambayo hotuba zilizoandikwa haziwezi kuyaonyesha. Januari 2009, katika miezi ya mauaji ya watu wenye ualbino, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikuwa akieleza kauli aliyoitoa kuhusu wauaji hao, machozi yakamtoka mbele ya Bunge. Juni 2013 aliulizwa na mbunge kuhusu vyombo vya dola kutumia nguvu dhidi ya raia, naye akajibu kwa maneno yaliyosikika kama ruhusa ya kuwapiga wakaidi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika walimfungulia kesi Mahakama Kuu kwa kauli hiyo. Katika tukio hili la pili muulizaji hakutega mtego wowote. Aliuliza kwa unyofu, kwa lugha ya kawaida, akakaa, na jibu likaeleza Serikali inafikiri nini pale ambapo haijaandikiwa. Kuna maswali ambayo ufundi wake wote ni kutoyapamba.

Bajeti inapofika, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, silaha inabadilika. Hotuba ya wizara ikishajadiliwa, Bunge huketi kama Kamati ya Matumizi, na Katibu husoma fungu baada ya fungu, kifungu baada ya kifungu. Anapofika kwenye mshahara wa Waziri, wabunge wanaosimama ni wengi, maana hapo ndipo hoja za sera zinaporuhusiwa. Mbunge husema anataka ufafanuzi, na asipouridhia atatoa hoja ya kuondoa shilingi katika mshahara wa Waziri. Shilingi moja! Mgeni angecheka. Lakini shilingi hiyo ikishikwa, Waziri hawezi kuondoka na fungu lake mpaka ajieleze, na wabunge wengine wanaruhusiwa kusimama kuiunga mkono hoja. Mara nyingi mwisho wake ni Waziri kumwomba Mheshimiwa arudishe shilingi, na Mheshimiwa huirudisha.

Wengi hudhani kuirudisha ni kushindwa. Inategemea amerudishiwa nini. Fundi wa shilingi huijua bei yake kabla hajaishika. Anajua Serikali ina wingi wa kura, na hoja ikipigiwa kura ataanguka. Anachokitaka ni ahadi ya Waziri, kwa kinywa chake, ikiwa na muda, iingie kwenye Taarifa Rasmi, yaani Hansard. Akiipata anaachia. Mwakani, bajeti ileile, anasimama na ukurasa. Nimewaona wabunge wa namna hii wakimsomea Waziri maneno yake ya mwaka uliotangulia, polepole, bila kuongeza hata neno moja la kwao, na Waziri mwenyewe akaomba radhi. Asiyejua bei huishika shilingi kwa kelele, huirudisha kwa kuambiwa "tutalifanyia kazi", na mwaka unaofuata hana pa kuanzia. Na wote wawili wana adui mmoja, saa ya ukutani: muda ukiisha inapigwa gilotini, na mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa pamoja bila swali. Mabilioni hupita kwa dakika chache. Hapa Kanuni za Bunge zenyewe zinahitaji jicho, kwa sababu kuna wizara ambazo vifungu vyake vya mwisho hupita bila kuulizwa jambo.

Lakini chumba ninachokiheshimu kuliko vyote hakina makofi, na mara nyingi hakina kamera. Ni chumba cha Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Hesabu za Serikali, PAC, pamoja na ndugu yake LAAC inayoshughulika na hesabu za Serikali za Mitaa. Kwa desturi wenyeviti wake wamekuwa wakitoka upinzani. Anayekaa kwenye kiti cha kujibu huko ni Katibu Mkuu wa Wizara au Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa cheo chake cha Afisa Masuuli, yaani mtu ambaye sheria inamtaka aeleze kila shilingi ya fungu lake. Pembeni wamekaa wakaguzi wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG. Mezani kuna vitabu vya ukaguzi vyenye kurasa zisizopendeza: masurufu yasiyorejeshwa, malipo yasiyo na viambatisho, makusanyo yasiyopelekwa benki, mikataba iliyosainiwa bila idhini ya bodi ya zabuni.

Hapa hakuna maswali ya nyongeza, moja au mawili. Kuna swali moja linaloulizwa mara kumi. Mjumbe anachukua hoja ndogo, tuseme masurufu ya safari ambayo hayakurejeshwa. Nani alichukua? Alikwenda wapi? Alirudi lini? Kwa nini alipewa masurufu mengine kabla hajarejesha ya kwanza? Nani alisaini ya pili? Afisa Masuuli anasema nyaraka zipo. Mwenyekiti anasema zilete. Anasema ziko ofisini. Mwenyekiti anauliza kwa nini mkaguzi alipozitaka hazikuwepo, na leo zimepatikana. Wakaguzi wanafungua faili lao. Hapo dakika arobaini zimekwenda kwa kiasi cha fedha ambacho gazeti lisingekipa hata safu moja. Lakini kila ofisa aliyekaa nyuma ya bosi wake chumbani humo anajifunza kwamba karatasi itatafutwa. Mjumbe hodari wa PAC huchagua hoja ndogo makusudi, maana hoja kubwa ina wanasheria na maelezo ya kurasa, lakini ile ndogo ina saini ya mtu.

Subira ndiyo sifa kubwa ya kazi hii. CAG humkabidhi Rais ripoti zake mwishoni mwa Machi, zinawasilishwa bungeni Aprili, na nchi nzima inachemka wiki moja. Kamati zinazichambua miezi mingi baadaye, na mjadala wenyewe ukumbini aghalabu huja Novemba. Mwaka 2023 ripoti zilipoleta hasira kubwa, watu walitaka Bunge lizijadili palepale, na Spika Tulia Ackson akasisitiza utaratibu ufuatwe. Niliwaelewa wenye hasira. Hata hivyo Afisa Masuuli akihojiwa kabla hajapewa nafasi ya kujibu hoja zake, atatoka na kisingizio, na kamati itatoka na vichwa vya habari. Shida yangu si na Novemba. Shida ni kwamba Novemba ikifika, wengi waliopiga kelele Aprili huwa hawapo.

Kazi hii ikifanyika mpaka mwisho, hutikisa. Mei 2014 David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini, aliibana Serikali bungeni kuhusu fedha zilizotolewa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow iliyokuwa Benki Kuu, zaidi ya shilingi bilioni 300, zilizowekwa humo wakati shirika la umeme TANESCO na kampuni ya kufua umeme IPTL wakibishania gharama za umeme. Jambo lilikuwa na mikataba, hisa, mahakama za nje na kampuni zilizobadilisha mikono, kiasi kwamba mtu angeweza kuzungumza siku nzima asieleweke. PAC, chini ya Zitto Kabwe wa upinzani na makamu wake Deo Filikunjombe wa chama tawala, CCM, ikatumia ukaguzi maalumu wa CAG na kulirudisha lote kwenye swali ambalo muuza nyanya wa Kariakoo angeliuliza: fedha hizi ni za nani? Serikali ilishikilia kwamba si za umma. Kamati ikaonyesha kwa nyaraka kwamba humo ndani kuna kodi ambayo haikulipwa na kuna haki ya TANESCO. Mwisho wa Novemba 2014 Bunge likapitisha maazimio. Desemba Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu na Profesa Anna Tibaijuka akatenguliwa uwaziri. Januari 2015 Profesa Sospeter Muhongo akajiuzulu Wizara ya Nishati na Madini. Kila mmoja alikana kutenda kosa. Ninachokisifu hapa ni ile kazi ya kuchukua kitu kilichofungwa mafundo mia na kuuvuta uzi mmoja, na kuuvuta kwa mikono ya vyama viwili. Filikunjombe alifariki katika ajali ya helikopta Oktoba 2015. Namkumbuka kila nikisikia ikisemwa kwamba mbunge wa chama tawala hawezi kuuliza.

Maswali yana gharama, na muulizaji anayejua kazi yake huijua gharama hiyo. Agosti 2007 Zitto, wakati huo kijana katika kipindi chake cha kwanza, alileta hoja binafsi kutaka kamati teule ichunguze mkataba wa mgodi wa Buzwagi uliosainiwa London, akadai Waziri Nazir Karamagi amelidanganya Bunge. Hoja ilikataliwa, yeye akasimamishwa mpaka Januari. Adhabu haijaisha, Novemba mwaka uleule Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kuipitia sekta ya madini, akamteua na Zitto kuwa mjumbe. Kazi ya kamati hiyo ilichangia kuzaliwa kwa Sheria ya Madini ya 2010. Juni 2024 Luhaga Mpina, mbunge wa Kisesa kwa tiketi ya CCM, alidai Waziri wa Kilimo amelidanganya Bunge kuhusu vibali vya sukari. Alipeleka vielelezo kwa Spika, akavieleza pia kwa waandishi wa habari, akasimamishwa vikao 15. Sihitaji kuamua nani alikuwa sahihi kuhusu sukari ili niseme kwamba Bunge lenye afya hujibu tuhuma kwa kuichunguza hadharani, tarakimu kwa tarakimu, na adhabu ya muulizaji isubiri mpaka hapo.

Na si wabunge pekee wanaolipa. Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na CAG Profesa Mussa Assad, kwa sababu alipohojiwa nje ya nchi alitaja udhaifu wa Bunge katika kufuatilia ripoti zake. Lilikuwa azimio baya. Mkaguzi ndiye anayempa mbunge macho, na mbunge asiyepewa tarakimu hubaki na ufasaha peke yake. Kabla ya hapo, Januari 2016, Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, na mwananchi akaanza kupewa vipande vilivyorekodiwa. Muulizaji hujifunza mbele ya hadhira. Ukimwondolea wasikilizaji, unamwondolea sababu ya kujiandaa.

Wenzetu wa Kenya walipita njia nyingine. Katiba yao ya 2010 iliwatoa mawaziri katika ubunge, na kwa muda mrefu majibu yalifika ukumbini kwa kinywa cha mwenyekiti wa kamati. Mwaka 2023 mawaziri walianza kuitwa tena ukumbini kujibu wenyewe. Nadhani walikumbuka kwamba jibu linalosomwa na mtu mwingine haliwezi kubanwa kwa nyongeza.

Kwetu, uchaguzi wa 2020 uliacha upinzani na viti vya kuhesabika bungeni, na toka hapo wapo wanaosema maswali yamekwisha. Hayajaisha. Kila asubuhi ya kikao yanaulizwa, mengine mazuri sana, na wabunge ambao magazeti hayawataji: kuhusu pembejeo zilizochelewa msimu, fidia za waliopisha barabara, visima vilivyochimbwa vikakosa pampu. Yanapotea kwa kukosa wa kuyafuata.

Hansard za vikao ziko kwenye tovuti ya Bunge, kwa Kiswahili, bila malipo. Chukua kikao kimoja cha bajeti ya karibuni, ulitafute jina la mbunge wako, usome swali lake la nyongeza na jibu alilopewa. Kama kuna tarehe ndani ya jibu hilo, iandike pahala, na siku ikifika nenda ofisi ya mbunge jimboni ukamuulize wamefikia wapi. Kama jina lake hulioni, muulize hilo.